Wimbo wa Msimamizi

Mwezi uliopita nilikuwa nakaanga vitunguu jikoni kwangu Dar es Salaam, binti yangu yuko mezani na simu yake kama kawaida, ghafla nikasikia tromboni. Usinicheke. Najua mama mtu mzima haachi vitunguu viungue kwa sababu ya tromboni, lakini zile nilizijua. Zinaanza mbili, zinagombana kidogo, kengele inaingia katikati kuziamulia, halafu mwimbaji anaongea kwanza kabla hajaimba. Nikageuka na mwiko mkononi nikamwambia binti yangu, hebu rudisha. Akarudisha. Ilikuwa video ya msichana anayeonyesha viatu vyake vipya. Wimbo ulidumu muda wa kugeuza kisigino kushoto na kulia, ukakatika.

"Uko wapi uliobaki?" nikamuuliza.

"Uliobaki wa nini, mama? Ndiyo huo."

Ndiyo huo! Ule wimbo una dakika saba. Ndani yake mtu anafanya kazi, anaumia, anafukuzwa, na bado kinanda kinapata nafasi ya kuzunguka peke yake mpaka unasahau kwamba ulikuwa unasikitika. Sasa wameukata ukawa wa viatu. Hasira zilinipanda na hazikuwa na pa kwenda. Tulipomaliza kula nilimkalisha binti yangu, tukatafuta mpaka tukaupata wote, na si wimbo tu, santuri nzima, nyimbo nane, pamoja na picha ya jalada. Mwanamume amevaa kofia ya pama, daftari kwapani, na nyuma yake wafanyakazi wamepanga mstari kwenye vumbi. Nilikuwa sijaiona sura ile tangu nina miaka kumi na mmoja. Chini yake kulikuwa na maneno ya nyimbo kwa Kihispania, na simu ikajitolea kunitafsiria, kwa Kiswahili kilichopinda kama msumari uliong'olewa kwenye mbao, lakini maana ilikuwepo.

Nilisoma wimbo ule, wa tatu wa upande wa pili, nikaurudia, nikaurudia tena. Kisha nikasema kwa sauti, binti yangu akadhani naongea naye: "Kumbe mwalimu hakutunga."

Ngoja nikueleze taratibu, maana ukiisikia juujuu utaona kama nagombana na simu.

Nimekulia Tabora, mtaa wa nyuma ya kiwanda kimoja kidogo cha mbao ambacho siku hizi hakipo, upande ambao wazee walisema misafara ya zamani ilikuwa ikiingilia mjini. Bibi, mama yake baba, alipenda kutuambia kwamba ukoo wa mumewe ulianza kwa mpagazi aliyechoka kubeba mzigo, akaona badala ya kuendelea hadi Ujiji heri aoe hapa hapa. "Nyinyi ni watoto wa uchovu," alikuwa akitutania kila tulipochelewa kuamka.

Kiwanda ndicho kilichokuwa saa yetu. King'ora kikilia asubuhi, tunajua baba anavuka barabara. Kikilia mchana, bibi anaanza kusonga ugali. Mbao za mninga zikikatwa, harufu yake inaingia mpaka kwenye mito ya kulalia, na siku za upepo unga wa mbao unatua juu ya mtindi. Kazi yetu watoto ilikuwa kufuata huo unga kwa magunia, kwa ajili ya jiko. Unasimamisha chupa katikati ya debe, unashindilia unga pembeni yake kwa ngumi mpaka ukaze, halafu unachomoa chupa polepole huku umebana pumzi. Ukiichomoa kwa pupa, shimo linabomoka, unaanza upya, na bibi anakusema mbele ya wageni. Likikubali, unaingiza kijinga cha moto kwenye tundu la chini, na jiko linawaka kimya kimya tangu maharage yakiwa mabichi mpaka chai ya jioni.

Baba alikuwa msimamizi wa kiwanda, yaani mtu wa katikati: juu yake kuna mwenye kiwanda, chini yake wafanyakazi wote. Jirani yetu, ambaye nyumba yake ilitazamana na yetu, alikuwa fundi wa msumeno mkubwa, ule wa kupasulia magogo. Alitoka kijiji cha Ziba, Mmoraviani, mwimbaji wa kwaya, mtu wa mwili na kicheko kilichovuka barabara kabla yake. Mkewe alikuwa mwembamba na mkimya, na alikuwa anatusuka nywele sisi wasichana wa mtaa bila kuvuta, jambo ambalo mama zetu wenyewe hawakuliweza. Yeye na jirani hawakuwa na watoto wakati ule. Nadhani ndiyo maana tulijaa kwao kama kuku.

Ile santuri baba aliipata Kigoma, kwa mtu aliyeivusha kutoka ng'ambo ya ziwa. Hakuna aliyeweza kusoma neno hata moja la jalada. Hilo halikumzuia baba. Aliitengenezea gramafoni yake kabati la mninga, akaiweka dirishani, spika ikitazama nje, na akatunga kanuni. Jumapili baada ya swala ya alasiri, wanaotaka kusikiliza waje na vigoda vyao barazani. Santuri inapigwa upande mzima, kuanzia wimbo wa kwanza hadi sindano ianze kukwaruza. Hakuna kuongea. Hakuna kwenda kuchungulia sufuria. Karanga za kuchemsha zinaruhusiwa, lakini maganda yamenywe taratibu. Upande ukiisha, sindano ikiinuliwa, ndipo kila mtu anatoa maana: mwimbaji amesema nini katika kila wimbo. Na hakuna aliyejua lugha!

Ukitaka kujua utoto wangu ulikuwaje, uko hapo. Watu wazima kumi na kitu, fundi cherehani, muuza asali, wazee wawili wa msikitini, wanabishana kwa dhati kuhusu nyimbo ambazo hawaelewi hata neno. Mmoja anasema huyu ameachwa na mke, mwingine anasema hapana, sikiliza kinanda, huyu amefiwa na ng'ombe. Bibi ndiye alikuwa bingwa. Wimbo wa pili wa upande wa pili, siku zote alisema ni wa watu wanaosubiri maji. "Ile kengele ni tone kwenye ndoo," alisema. "Linadondoka, halafu linakaa, halafu linadondoka." Walimcheka. Sasa nimesoma maneno: ni wimbo wa mtaa mmoja wa maskini ambako wakubwa walikuja kufungua bomba kwa hotuba na ngoma, wakapigwa picha wananawa mikono, na walipoondoka bomba nalo likaondoka nao. Bibi hakuwahi kutoka nje ya mkoa wa Tabora. Alisikia foleni ya ndoo kupitia kengele.

Na hapo ndipo ninapoivulia kofia ile santuri. Watu walioitengeneza walikuwa na hasira, nyimbo zote nane zina hasira, lakini hawakupayuka. Wameziweka hasira ndani ya kitu unachoweza kukichezea. Ngoma zinakuvuta kiuno, tromboni zinakuinua kifua, waitikiaji wanarudia mstari mmoja mpaka unaushika bila kuuelewa, na wakati wote huo unaambiwa mambo mazito. Unaweza kucheza miaka mitano kabla hujajua umeambiwa nini. Sisi tulicheza.

Wimbo wa tatu maana yake aliitoa baba, na kwa kuwa yeye ndiye mwenye santuri, ilipita bila kupingwa. Alionyesha jalada, yule mtu wa kofia na daftari. "Huyu ni msimamizi," alisema. "Wafanyakazi wake wanamwimbia kumsifu." Jirani aliupenda wimbo ule kupita kiasi. Ukianza tu, alivunja kanuni, akasimama, akamnyooshea baba kidole, akapiga kelele, "Wimbo wako huo, msimamizi!" Kisha alicheza, mikono yake mikubwa ikiwa juu, na kwa sababu ni yeye, baba alimwachia. Na ile sehemu waitikiaji wanayorudia maneno matatu, jirani aliiimba nao kwa sauti ya kwaya, kila neno, bila kujua hata moja.

Nilikuwa darasa la tano msumeno ulipochukua mkono wake wa kushoto, kuanzia kwenye kifundo.

Kelele za msumeno zilikatika saa ambayo hazikuwahi kukatika, wanawake wakatoka nje wakiwa wameshika vifua. Baadaye nilikuja kujua, kwa vipande vipande kama watoto wanavyojua mambo, kwamba msumeno ulikuwa na kinga ya chuma, na kwamba mwenye kiwanda alitaka iondolewe kwa sababu magogo makubwa yalikuwa yanakwama, kazi inachelewa. Ikaondolewa. Jirani alilalamika. Baba, msimamizi, alimwambia avumilie siku chache.

Jioni ile nilikuwa nashindilia jiko uani, baba na bibi wako ndani, chumba cha kupikia, ukutani kuna tundu la moshi, nikasikia.

"Nilikuwa nimesimama pale pale, mama," baba alisema.

"Basi si useme."

"Nikisema tunafukuzwa wote wawili, mimi na yeye."

Nilisikia bibi anaendelea kuchambua mchele, mawe yanagonga sinia. Ripoti ya ajali iliandikwa na baba kwa mkono wake, maana hiyo ilikuwa kazi ya msimamizi, na ilisema uzembe wa mfanyakazi. Jirani alipotoka hospitali alikuta barua ya mistari minne kwamba kazi imekwisha. Yeye aliamini ni maneno ya ofisini. Alikuja barazani kwetu na mkono umefungwa, akamwambia baba mbele yetu sote, "Najua ulinitetea, ndugu yangu. Wamekushinda tu." Baba alikohoa, akauliza kama chai iko tayari.

Na Jumapili jirani aliendelea kuja! Hilo ndilo linaloninyima raha mpaka leo. Mkono wa shati aliufunga fundo, akaketi, akasikiliza upande mzima, na wimbo wa tatu ulipoanza akasimama, akanyoosha kidole cha mkono uliobaki. "Wimbo wako huo, msimamizi." Baba alitazama chini, akachagua karanga iliyo kubwa kuliko zote, akaimenya kwa muda mrefu.

Sasa sikiliza nilichokifanya mimi. Shuleni tulikuwa na mwalimu wa hisabati aliyewahi kusoma Cuba, akarudi na hazina ya hadithi na kahawa nzito ya kunywewa kwenye kikombe kidogo. Siku moja nikamtambia darasani kwamba baba yangu anajua maana ya nyimbo za Kihispania. Darasa likacheka. Nikashikilia. Mwalimu naye akafurahi kama mtu aliyeonyeshwa picha ya kwao, akasema, "Jumapili nakuja kusikiliza." Nikarudi nyumbani natembea juu ya hewa. Baba alipoambiwa alifurahi pia, hata yeye. Alipangusa kabati kwa mafuta ya nazi.

Mwalimu alikuja na shati la mikono mifupi, akapewa kiti chenye mto. Jirani alikuja na mkewe, kila mmoja na kigoda chake. Upande wa pili ulipigwa. Mwalimu alifumba macho, akawa anatabasamu, mguu unapiga chini. Wimbo wa tatu ulipofika katikati, mguu wake ulisimama. Jirani alikuwa juu anacheza, anaimba na waitikiaji. Mwalimu alifumbua macho akamtazama, lakini alikuwa mgeni, aliheshimu kanuni, hakuongea.

Sindano ilipoinuliwa watu wote walimgeukia. Alianza na wa kwanza. Alipofika wa pili na kusema ni wa maji, bibi aliinuka akapiga kigelegele, wazee wakamwomba radhi kwa vicheko. Kisha mwalimu akasita.

"Huu wa tatu si wa kusifu," alisema. "Anaongea na msimamizi wake. Anamwambia, ulikuwa umesimama pale. Mashine imechukua mkono wa rafiki yako, wewe umechukua kalamu. Na wale wanaoitikia wanasema, andika ulichokiona. Andika ulichokiona."

Alikuwa bado anasema alipouona mkono wa shati wenye fundo. Nilimwona akiuona. Sauti yake ilififia, akachukua kikombe ambacho kilikuwa kitupu.

Hakuna aliyemenya karanga. Jirani alikuwa bado amesimama pale alipokuwa akichezea. Alimtazama baba, bila hasira yoyote, kama mtu anayeuliza njia. "Na wewe," alisema, "uliandika nini?"

"Mwalimu anatunga," baba alisema. "Hawa waliosoma nje wanapenda kujionyesha."

Wachache walicheka, cheko lile la kutafuta pa kutokea. Jirani akauliza tena, taratibu zaidi, "Ndugu yangu. Uliandika nini?"

Baba alisimama, akaitoa santuri kwenye gramafoni, akaitia ndani ya jalada lake, akaingia nayo chumbani.

Jirani alivuka kwenda kwake. Mkewe alibaki kidogo, akainama, akaokota vigoda vyote viwili, akamfuata. Hiyo ilikuwa Jumapili ya mwisho ya santuri. Tulipouliza, baba alisema imevunjika. Nyumba yetu ilikuwa ndogo na hakuna aliyesikia kitu kikivunjika. Jirani na mkewe walikaa pale miezi minne zaidi, nyumba inatazamana na nyumba, halafu mvua zilipokaribia walirudi Ziba kulima. Siku wanapakia vitu kwenye lori, baba alikwenda msikitini mapema, akachelewa kurudi.

Na mimi? Mimi nilikuwa nimesikia kwa masikio yangu kwenye tundu la moshi. Nilijua mwalimu amesema kweli. Lakini shuleni walipoanza kumwita Mwalimu Mtunzi, nilicheka pamoja na wanaocheka, na mtu aliponiuliza nilisema ndiyo, alitunga. Mwisho wa mwaka aliomba uhamisho. Hakuwahi kunigombeza. Alinisahihishia daftari langu la mwisho kwa wino mwekundu, kwa makini, kama kawaida yake.

Basi ndiyo maana baada ya vile vitunguu niliomba ruhusa kazini nikapanda basi la Tabora. Baba bado yupo. Anakaa na mdogo wangu wa kiume katika nyumba ile ile, ingawa baraza limetiwa saruji na jiko ni la gesi. Ana redio ya mawaidha, tasbihi, na masikio yanayosikia anachotaka. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, akauliza habari za wajukuu. Siku ya pili, baada ya chai, niliweka simu mezani nikaucheza wimbo. Wote, dakika zote saba.

Alisikiliza. Nilitazama vidole vyake kwenye tasbihi: vilisimama tromboni zilipoanza. Ulipokwisha akasema, "Vyombo vizuri. Siku hizi hawapigi hivyo."

"Baba, unaujua huu wimbo."

"Nyimbo ni nyingi."

Nikamsomea maneno. Polepole, huku nakinyoosha Kiswahili cha simu. Alijitia hamnazo mpaka nilipofika kwenye kalamu, hapo akaniambia nizime.

"Nilikuwa nyuma ya jiko siku ile," nikasema. "Nilikusikia ukimwambia bibi."

Akanitazama machoni, kitu ambacho hajanifanyia tangu niolewe. "Ningesema, ungesoma kwa nini? Ungekula nini, unga wa mbao?"

Unaona inavyokera? Kwa sababu si uongo. Nilimaliza shule kwa kazi ile. Sare niliyovaa siku namwita mwalimu muongo ilitoka kwenye kazi ile. Nilikuwa nimejiandaa kwa baba anayekana, nikakutana na baba aliye sahihi nusu, na hiyo nusu alikuwa ameikalia miaka thelathini kama kigoda.

"Basi mwambie hivyo hivyo," nikasema. "Mwambie mlikuwa watu wawili na kazi moja, ukachagua watoto wako. Ataelewa. Mbona mimi nimeelewa?"

Nikamwambia twende Ziba, nitakodi gari. Akasema miguu inamuuma. Nikamwambia aseme hapa kwenye simu, nitampelekea sauti yake. Akaitazama simu kama mtu aliyeletewa sahani chafu. "Maneno ya mtu mzima hayasemwi kwenye kidude," akasema. Kwa hiyo nikaseme nini? nikamuuliza, nikiwa nimeshainua sauti, mdogo wangu akachungulia mlangoni. Baba akarudi kwenye tasbihi.

"Msalimie," akasema.

Nilikwenda peke yangu. Basi asubuhi, kubadilisha gari njiani, na kipande cha mwisho bodaboda kwenye tope, maana mvua zilikuwa zimekolea na mpunga umefika magotini. Mke wa jirani nilimkuta anapalilia karanga mbele ya nyumba. Amezeeka lakini ni yule yule mwembamba. Nilimwambia mimi ni nani, akaweka jembe chini, akanishika kichwa kwa mikono miwili, akapapasa nywele zangu kama anayetafuta pa kuanzia kusuka. "Mwangaluka, mwanangu," alinisalimu kwa lugha ya kwao. "Umenona."

Jirani alikuwa amefariki msimu wa mvua uliopita. Aliniambia kama jambo ambalo alidhani nalijua, maana walituma salamu mjini. Salamu zilifika au hazikufika, sijui, na nimechoka kutaka kujua. Tulikaa kibarazani. Nikamwambia kilichonileta, chote, tundu la moshi, ripoti, na kwamba mwalimu alisema kweli. Aliitikia kwa kichwa kila nilipopumua, kama anayetaka yaishe haraka. Kisha, kwa kukosa la kufanya, nikatoa simu nikamchezea wimbo. Aliusikiliza mwanzo hadi mwisho, mikono mapajani. Waitikiaji walipoingia, midomo yake ilitikisika, akaimba nao yale maneno matatu, kwa sauti ndogo ya kike ambayo sikuwahi kuisikia Tabora, kwa kuwa siku zile mumewe aliifunika.

"Alikuwa anauimba shambani," aliniambia. "Mpaka mwisho. Alisema hata kama unamsema mtu, ni wimbo mzuri."

Nikamwambia baba anamsalimu.

Hapo aliangalia barabara. "Basi likisimama pale," alisema, "alikuwa anageuza shingo. Miaka yote. Mimi namwambia, kula, wewe, haji. Anasema, si unajua kazi zake nyingi." Akanitazama tena, kwa upole ule ule wa kusuka bila kuvuta. "Tulikuwa tunasubiri mtu, mwanangu. Wewe umeniletea wimbo."

Alinifungia mchele kwenye mfuko, kwa sababu mgeni haondoki mikono mitupu, nami niliupakata njia nzima nikiwa nimenuna kama mtoto. Nilikuwa na hasira na baba, na bodaboda, na yule msichana wa viatu, na mwenye kiwanda aliyekufa zamani, na mimi mwenyewe. Nilikuwa na hasira hata na wale walioimba. Waliweka kila kitu ndani ya wimbo ule, ukavuka bahari na ziwa ukafika mpaka barazani kwetu ukamkuta mtu mwenyewe, na bado haukutosha.

Asubuhi iliyofuata nilimwambia baba kwamba jirani amefariki. Aliinamisha kichwa, midomo ikasema dua, na tasbihi akaiweka chini, hilo sitamnyima. Akauliza amezikwa wapi. Nikamwambia, nyuma ya nyumba, karibu na shamba la karanga.

"Mvua zikikatika," akasema, "nitakwenda kaburini."

Nilitoka nje. Kiwanda kimekuwa yadi ya magari mabovu, harufu ya mninga haipo tena, na watoto wa mtaa hawajui kwamba unga wa mbao unapika maharage. Hakuna baraza ambako watu kumi wanakaa dakika ishirini bila kusema neno ili wasikie mtu mmoja anasema nini. Vyote hivyo vimekwenda, na vingine nimeviomboleza vya kutosha. Nyumba ya jirani sasa ni duka la vifaa vya ujenzi, lakini mlango uko pale pale. Nikasimama kwenye ukingo wa baraza letu, nikavuka barabara nikihesabu hatua, bila haraka, kwa mwendo wa mtu mzima. Muuzaji akainuka akaniuliza nahitaji nini. Nikamwambia sihitaji kitu.

Hatua ishirini na sita. Baba alikuwa nazo kila siku kwa miezi ile minne kabla jirani hajahama, na miguu ilikuwa mizima.